Mke Karudi, Mume Kaondoka

"Kama wewe uko hapa, mwanangu yuko wapi?"

Hapo ndipo tulipomwacha Ramneek wiki iliyopita, ndugu msomaji. Yuko langoni kwa wakwe zake, sanduku mkononi, vumbi la barabara ya mji wa Jalandhar kichwani. Mbele yake kasimama mama mkwe, ambaye kijiji kizima humwita Biji, sinia limemponyoka na ladu, vile vitamu vya mviringo, zinaviringika uani kila moja na njia yake.

Ramneek hakuelewa swali. Alikuwa amejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo.

"Biji, Joban hayupo nyumbani?"

"Nyumbani gani tena? Joban si yuko kwako!"

"Kwangu wapi?"

"Kanada! Wewe mtoto una nini? Tumemsindikiza sisi wenyewe uwanja wa ndege. Ngoma zimepigwa mpaka moja ikapasuka. Juzi tu kanipigia, anasema umempikia mboga ya haradali na roti za mahindi, kala mpaka kashindwa kuinuka."

Ramneek akajishikiza kwenye nguzo ya lango. Juzi hakupika roti wala mboga. Juzi alikuwa amejikunyata kwenye kiti cha uwanja wa ndege, shali usoni ili watu wasimwone analia, akisubiri ndege ya kumrudisha kwa mumewe.

Kwa msomaji aliyeingia leo: Ramneek aliolewa na Joban kwa mpango unaojulikana katika kila kijiji cha huko. Msichana aliyefaulu mtihani wa Kiingereza anaolewa, nyumba ya mume inamlipia masomo ng'ambo, naye akishatulia anamvuta mumewe. Watu husema hiyo si ndoa, ni nauli. Lakini hawa wawili, bila kumwomba mtu ruhusa, walipendana. Walipendana kwenye simu, kwa usiku wa mmoja na mchana wa mwenzake.

Kisha sheria za kule zikabadilishwa Ramneek akiwa darasani. Kwanza wakasema wake na waume wa wanafunzi wa vyuo vya aina yake hawafuati tena. Halafu wakasema kozi yake, ya usimamizi wa hoteli, haimo kati ya zile zinazompa mhitimu kibali cha kubaki na kufanya kazi. Mlango wa kwanza ulimfungia Joban nje, na wa pili ukamtoa yeye mwenyewe.

Hakumwambia mtu. Kila walipouliza habari ya visa ya Joban alijibu, "Iko njiani," mpaka neno lenyewe likamchosha mdomo. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

"Biji," alisema sasa, "nani aliwaambia visa imetoka?"

"Pamma. Wakala wa visa, Pamma mwenyewe, kaja na habari. Nikagawa ladu nyumba kwa nyumba. Nikapeleka ndege gurudwara, kubwa, yenye taa, inayolia."

Kwenye gurudwara ile, hekalu lao, mwenye kuomba safari hupeleka ndege ya kuchezea, ndogo au kubwa kadiri ya imani yake. Na juu ya paa la Biji, tangi la maji limejengwa kwa saruji kama ndege, mabawa na mkia, pua yake imeelekea magharibi. Lilijengwa mwaka alioondoka Ramneek.

"Visa haiwezi kutoka, Biji. Sheria imebadilika. Mimi mwenyewe sikupata kibali. Ndiyo maana nimerudi."

Macho ya Biji yakawa madogo.

"Aaa. Sasa nimekuelewa. Mume kafika, nawe ukamtoroka!"

"Biji!"

"Tunawajua nyinyi mabibi harusi wa Kanada. Mkishavuka mnazuia namba za waume. Mtoto wa jirani yetu Nirmal kaachwa hivyo hivyo, mpaka leo anaongea na nyati wao wa maziwa. Lete mikono!"

Ramneek akanyoosha mikono. Bangili nyekundu za harusi zilimjaa kutoka kiwiko mpaka kifundo. Kwa desturi zilipaswa kuvuliwa zamani, lakini aliapa hazitatoka mpaka Joban avuke.

Na mimi sitaki kukuficha kitu, msomaji. Kule kazini, kwenye kiwanda cha mikate, walimkataza bangili. Alizivua, akazitunza ndani ya soksi, akazivaa tena chooni mwa ndege kabla haijatua. Mnaotaka kumhukumu mhukumuni, mimi siwezi.

Biji aliziona, na hasira ikamwisha. Akaketi kwenye kitanda cha kamba.

"Basi mwanangu yuko wapi?" aliuliza tena, polepole safari hii.

Kabla hajajibiwa, mlango wa ndani ukafunguka kwa kishindo. Akatoka Navkiran, dada yake Joban, kavaa hariri ya waridi, hina haijakauka mikononi.

"Wifi! Wifi yangu! Umekuja kwa ajili ya uchumba wangu!"

Akamrukia huku kainua viganja juu asiiharibu hina, wakakumbatiana kwa viwiko. "Kaka naye kaja? Kajificha wapi? Nyie watu nyie! Wifi, nimefaulu Kiingereza! Leo wanakuja kunichumbia, watanilipia masomo, nitakuja mji wenu. Tutakaa chumba kimoja sote, mimi nilale hata jikoni!"

Ramneek akamtazama usoni. Ndivyo alivyokuwa yeye siku ya kwanza, kila kitu kinamchekesha. Moyo ukampasuka, na hakuna aliyesikia.

"Nenda kaikaushe hina yako, mama," Biji alimwambia binti yake. "Wageni wako njiani. Nenda."

Navkiran akaingia ndani akiimba.

Na hapo, kama aliyetumwa, simu ya Biji ikalia. Jina kwenye kioo: Joban.

Biji akamtazama Ramneek. Ramneek akatikisa kichwa, akanong'ona, "Weka spika. Usimwambie niko hapa."

"Sat Sri Akal, Biji!" Sauti ya Joban ilikuja na mikwaruzo, lakini ilikuwa yake. Ramneek alifumba macho.

"Mwanangu. Hujambo? Huko ni saa ngapi?"

"Alfajiri, Biji. Baridi usiseme! Theluji mpaka magotini."

Nyuma yake jogoo akawika. Kisha vyura wakaitikia, wengi, kama walioko bwawani. Biji na Ramneek wakatazamana.

"Na Ramneek?" Biji aliuliza, macho kwa Ramneek. "Mzima?"

"Mzima kabisa. Kaamka mapema, ananipikia parata. Anakusalimia sana."

"Mpe simu, nimsalimie."

"Eeh... kaingia bafuni, Biji. Si unawajua wanawake na bafu?"

Ramneek alinyoosha mkono, akaichukua simu.

"Joban," alisema, "nimetoka bafuni."

Jogoo akawika mara ya pili.

"Ramneek?"

"Mimi."

"Uko... uko wapi?"

"Kwenye kitanda cha kamba cha mama yako. Niko nyumbani, Joban. Nimekurudia."

Joban alianza kucheka. Kicheko kilikwenda kidogo, kikakatika, kikageuka kitu kingine ambacho mke hapendi kukisikia kwa mumewe.

"Umerudi wewe? Leo? Kwa nini, Ramneek?"

"Na wewe umeondoka kwa nini?"

"Uliacha kupokea simu zangu! Nikamtafuta Harman anayekaa mtaa wenu. Kaniambia kila kitu. Kazi umeachishwa, kibali hupewi, kila siku uko kwenye mstari wa chakula cha bure cha gurudwara. Mke wangu anakula kwa mstari, na mimi niko nyumbani nanenepa chini ya tangi la ndege? Nikamfuata Pamma. Nikamwambia nipitishe popote, hata njia za panya."

"Sikupokea kwa sababu nilichoka kukudanganya."

"Na mimi sikukwambia kwa sababu ungenikataza. Nilitaka nigonge mlango tu. Ufungue, unione." Akavuta kamasi kama mtoto. "Nilishajifunza mpaka namba ya nyumba yenu."

Biji alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya shali.

"Sikiliza," Ramneek alisema. "Kwenye ile nyumba hakuna mtu tena. Chumba kimechukuliwa na wengine. Nimeshatoka, sirudi tena, sheria ndiyo hiyo. Unamfuata nani huko? Geuka. Rudi leo."

"Siwezi."

"Unaweza!"

"Pasipoti zetu wamezichukua hawa wanaotuvusha. Jua likipanda tunaingia msituni. Jana kijana mmoja kutoka Kapurthala kasema anataka kurudi, wakamwacha hapo hapo barabarani bila karatasi. Ni Pamma tu. Neno lake moja likifika kwa hawa, wananipandisha basi la kurudi. Kabla hatujaingia. Tukishaingia, hakuna simu tena."

"Nampigia sasa hivi."

"Wewe hatakusikiliza. Anamwogopa Baba peke yake, Baba akimkana kijiji kizima kinamkana. Lakini Baba hajui, Ramneek. Anaamini nimepanda ndege na visa."

Biji akainama juu ya simu. Hakuuliza habari ya msitu wala ya pasipoti.

"Mwanangu, umekula?"

Joban akavuta kamasi tena.

"Biji, nisamehe," alisema. Sauti ya mwanamume mwingine ilifoka kwa lugha ngeni karibu naye. "Wanakusanya simu. Ramneek! Zile bangili, bado unazo?"

"Ninazo. Nimezivaa."

"Usizivue mpaka..."

Ikakatika. Ramneek akapiga, haikuita. Akapiga tena na tena, na Biji akimwambia, "Piga, piga tena," kama kwamba kuna aliyekataa.

Honi ikalia langoni.

Gari la kwanza lilikuwa la mzee Balkar, baba mkwe, kilemba kipya cha zambarau, masharubu yamepakwa mafuta. La pili lilibeba mchumba wa Navkiran na watu wake. Na katikati yao, akishuka na boksi la peremende chini ya kwapa, meno yote nje, alikuwa mshenga wa uchumba ule.

Mshenga alikuwa Pamma.

"Ndiye huyo!" Ramneek aliinuka. "Biji, ndiye huyo hapo! Neno moja tu!"

Biji akamkamata mkono kwa nguvu ambazo hukuzidhania kwa mama wa umri ule.

"Mbele ya wageni? Wakijua wataondoka. Nani atamposa binti yangu baada ya hapo? Ngoja. Wakishakula, wakishaondoka, nitamwambia baba mkwe wako kwa kinywa changu."

"Jua la kule linapanda, Biji."

"Mtoto mmoja yuko kwenye maji, unataka nimsukume na wa pili?" Machozi yalimtoka Biji lakini mkono haukulegea. Alimvuta mpaka ghalani, penye sanduku kubwa la chuma linalowekewa mifarishi ya baridi, akamsukumia humo ghalani na mizigo yake. "Kaa kimya. Wewe haupo hapa. Wewe uko Kanada, unampikia mwanangu parata."

Mlango ukafungwa. Ramneek alibaki gizani na harufu ya pamba ya zamani. Mlangoni palikuwa na ufa mmoja, akaweka jicho.

Nani atamlaumu Biji? Mimi nilijaribu nikashindwa. Mama hana mizani ya kupimia watoto.

Uani chai ilimiminwa, ladu zilizookotwa zikafutwa vumbi, zikaandaliwa upya. Pamma alikuwa keshashika usukani wa mazungumzo.

"Sheria mpya, sheria mpya! Hayo ni ya wasomao magazeti," alisema, kinywa kimejaa. "Sheria ni kama geti la ng'ombe. Asiyejua anasimama nje, anayejua pa kusukuma anapita. Mnamwona Joban wa hapa? Kafika, kibali mkononi, mke pembeni. Muulizeni baba yake!"

"Kweli tupu," mzee Balkar alisema, na kifua kikamjaa. "Mwanangu huyo! Mtoto aliyekuwa anaogopa kuvuka mfereji."

Ramneek aliuma shali yake asitoe sauti.

Mama wa mchumba, mwanamke mwembamba asiyecheka ovyo, aliweka kikombe chini.

"Sisi hatuna neno na binti, Mungu ambariki. Atasoma, tutalipa, naye atamvuta kijana wetu. Lakini siku hizi tunasikia mengi. Kwa kina dada yangu msichana kaenda, kijana kakwama nyumbani, wanazungumza na kioo cha simu kama kasuku. Nataka kusikia kwa aliyepita. Mpigieni huyo mkaza mwana wenu. Atuambie mwenyewe mumewe alifikaje."

Ladu ikasimama njiani kwenda kinywani mwa Pamma.

"Mama, kule bado alfajiri," alisema upesi. "Wamelala watoto wa watu."

"Ndiyo, wamelala," Biji alidakia. "Tusiwasumbue."

"Wamelala?" Mzee Balkar alicheka kwa sauti, akaingiza mkono mfukoni. "Ramneek alale nami napiga? Hamumjui mkaza mwana wangu! Yule hata akiwa na homa husema 'ndiyo, Baba' kabla sijauliza. Hebu sikilizeni."

Akabonyeza kupiga kwa mtandao.

Ramneek alikumbuka, lakini alichelewa. Simu yake haikuwa na laini ya nchini. Ila ilikuwa na kumbukumbu: mtandao wa Wi-Fi wa nyumba ile ilikwisha kuunganishwa nao tangu siku za harusi, na tangu alipoingia langoni ilikuwa imejishika nao yenyewe bila kumwuliza.

Ghala likaanza kuimba.

Uani vikombe vikasimama. Simu ililia mara ya kwanza, ya pili. Navkiran, aliyekuwa ameinamisha kichwa kama bibi harusi anavyopaswa, akakiinua.

"Mbona inalia ghalani?"

"Ni ile... ile ya zamani..." Biji alianza. Alishika shali yake kwa mikono miwili, akautazama mlango wa ghala. Macho yake hayakusema tena *usitoke*. Wala hayakusema *toka*.

Ramneek aliiangalia simu mkononi. Kidole kimoja tu, na ingenyamaza. Navkiran angevishwa pete, kilemba cha mzee kingebaki juu, Pamma angemaliza chai yake akaenda. Na mahali fulani, nchi ambayo hata jina lake hakulisikia, jua lingepanda, na mtu aliyejifunza kwa moyo namba ya nyumba yake angeingia msituni kwenda kugonga mlango usio na mtu.

Akapokea.

"Ramneek, binti yangu!" Sauti ya mzee Balkar ilimjia mara mbili, kwenye simu na kupitia ufa. "Sema, wageni wanakusikiliza! Uko wapi?"

"Sat Sri Akal, Baba," alisema. "Niko nyuma ya mlango."

Akainua komeo. Bangili zikalia mkono mzima, akatoka kwenye mwanga na pamba ya mifarishi nyweleni.

Pamma alikuwa amekwisha kusimama, ladu bado mkononi, anapiga hatua za kinyumenyume kuelekea lango. Ramneek alimwona. Akafungua mdomo kupiga kelele wamzuie.

Lakini mzee Balkar alikuwa amemfikia kwanza. Uso wake wote ulikuwa unacheka, machozi ya furaha yanamtiririkia kwenye masharubu. Alimwekea mkono wa baraka kichwani, kisha akarefusha shingo kumpita begani, kuchungulia giza la ghala, akatanua mikono.

"Kumbe mmetufanyia mchezo!" alisema. "Na Joban je? Mwambie naye atoke."